Jina la Mtoto na Mwaka wa Nzige

Leo tuweke jembe chini kidogo. Hatutazungumza juu ya mbegu, wala mbolea, wala bei ya mahindi. Tutazungumza juu ya majina tunayowapa watoto wetu, hasa yale yanayotokana na mvua, jua, wadudu, wanyama na mimea. Najua utauliza: bwana shamba na majina ya watoto, wapi na wapi? Hata mimi sikuyafikiria mpaka siku niliposhindwa kazi mbele ya watu, akaniokoa bibi mmoja kwa jina lake tu.

Nilikuwa mgeni kazini. Nilitumwa kijiji kimoja kilicho ukingoni mwa nchi ya juu ya Ufipa, pale ambapo Lyamba lya Mfipa linateremka ghafla miguuni pako, na mbuga ya Rukwa unaiona chini kama mkeka uliotandikwa. Shauri lililonipeleka lilikuwa nzige wekundu. Nilitakiwa kuwaeleza wananchi kwamba mtu akiona tunutu wengi, yaani nzige wachanga ambao bado hawajaota mabawa, asingoje kesho; atoe habari ofisi ya kijiji siku ile ile. Nikaeleza. Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mtaalamu, hao nzige ni wa Musa na Farao. Sisi hapa tunao panya na viwavi." Watu wakaangua kicheko, na mimi kwa kweli sikuwa na jibu. Nilikuwa na karatasi tu.

Ndipo bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango akainua mkono. Kijiji kizima kilimjua kwa jina la ubatizo, Skolastika. Akasema, "Mwanangu, waambie hawa watoto wasicheke. Nzige ni mimi." Kimya kikaingia, wengine walidhani bibi amechanganyikiwa. Basi akaeleza kwamba jina alilopewa na baba yake siku alipozaliwa, jina la nyumbani, maana yake ni nzige. Alizaliwa mwaka ambao nzige walishuka juu ya ulezi wa baba yake wakaumaliza, na mama yake akamnyonyesha huku akila nzige wale wale waliokaangwa kwa chumvi. "Walikula shamba letu, nasi tukawala wao," alisema, akaketi. Hakuna aliyecheka tena. Mkutano ule ulikwenda vizuri kuliko yote niliyofanya mwaka huo, wala sifa si yangu.

Jioni nikaenda kumsalimu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikamwuliza alizaliwa mwaka gani. Akafungua fundo la kanga, akatoa kadi yake. Imeandikwa tarehe 1 Julai 1948. Akacheka mwenyewe. "Karani aliniuliza tarehe, nikamwambia mwaka wa nzige. Akasema mwaka huo haumo katika orodha yake."

Sasa tazama, ndugu msomaji. Baa kubwa la nzige wekundu lilianza mwaka 1930 na likaisha mwaka 1944. Lilienea karibu nchi zote za Afrika zilizo kusini mwa ikweta. Makundi yale yalitoka katika mbuga chache tu, na kati ya mbuga hizo mbili zilikuwa jirani zetu kabisa: Mweru wa Ntipa, ambayo leo iko Zambia, na bonde letu la Rukwa. Kwa hiyo jina la bibi linasema alizaliwa mwaka 1944 au kabla, na kadi inasema 1948. Katika mashahidi hawa wawili mimi namwamini yule aliyekuwapo siku ile, ambaye ni jina.

Kwa nini Rukwa? Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yakiingia mengi linatanuka, yakipungua linarudi nyuma, na pembeni yake hubaki mbuga pana za majani. Nzige mwekundu anapenda hapo. Huzaa mara moja tu kwa mwaka: hutaga mayai ardhini mvua zinapoanza, tunutu hutoka na kukua wakati wa mvua, na mwisho wa masika wanakuwa nzige wazima wenye mabawa. Kiangazi chote hukaa katika majani wakingoja mvua nyingine. Wakiwa wachache hawana neno. Wakisongamana huanza kuruka pamoja, na hapo ndipo ulezi wa watu huliwa. Kumbuka pia kwamba ulezi wa zamani haukuwa kazi ya msimu mmoja. Wazee wa Ufipa walifukia majani katika matuta ya mviringo, yale yanayoitwa ntumba, yakaoza, kisha msimu uliofuata wakayavunja na kuyatawanya ndipo wakapanda. Nzige walipokula ulezi ule walikula jasho la miaka miwili. Usishangae kwamba baba mtu aliona hilo ndilo jambo la kumwita mtoto.

Baada ya baa lile serikali za wakati huo zilianzisha chombo cha kimataifa cha kupambana na nzige wekundu, mwaka 1949, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka, si mbali na sisi. Kazi hiyo siku hizi inafanywa na shirika la nchi kadhaa lenye makao Ndola, Zambia. Na usidhani mambo yamekwisha. Mwaka 2009 nzige wekundu walizidi tena katika mbuga za Iku huko Katavi, kando ya Ziwa Rukwa na katika bonde la Malagarasi. Safari hiyo walipuliziwa kwa ndege dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, isiyodhuru wanyama wala nyuki, katika eneo la hekta kama 10,000, wakadhibitiwa kabla hawajafika mashambani. Wale waliotajwa sana mwanzoni mwa 2021 kaskazini mwa nchi yetu walikuwa wa ukoo mwingine, nzige wa jangwani. Hawa wa kwetu wako hapa hapa, chini ya Lyamba.

Basi, tangu siku ile nimejizoeza jambo moja. Nikifika kwa mkulima nikamwuliza mvua zilikatika mapema mwaka gani, mara nyingi husema, "Aa, sikumbuki." Lakini nikimwuliza ni mtoto gani alizaliwa wakati ule, mama mwenye nyumba hujibu kabla mume hajafungua kinywa. Mambo ya shamba tumeyaweka ndani ya watoto.

Hata majirani zetu wengi wamefanya hivyo hivyo. Wewe unayekaa bondeni unawajua Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao miaka ya 1970 na 1980. Umewahi kumwuliza rafiki yako Mabula maana ya jina lake? Ni mvua. Limi, jina la binti, ni jua. Nzala ni njaa. Ukienda Mara, kwa Wajaluo, Okoth na Akoth ni mvulana na msichana waliozaliwa mvua ikinyesha. Ochieng na Achieng walizaliwa jua likiwaka.

Lakini walionishangaza kuliko wote ni Wabukusu, wakulima wa Kenya upande wa Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Wao wana kalenda nzima ya kilimo katika majina. Mtoto wa kiume wa wakati wa mvua ni Wafula, wa kike Nafula. Wa kiangazi ni Simiyu na Nasimiyu. Wa mavuno ni Wekesa na Nekesa. Wa wakati wa njaa, ghala likiwa tupu na mazao mapya hayajakomaa, ni Wanjala na Nanjala. Na wako Wasike na Nasike. Unajua maana yake? Nzige! Kwa hiyo yule bibi yetu wa Ufipa angezaliwa Bungoma angeitwa Nasike, tena bila kuonewa haya na mtu yeyote. (Wewe wa Laela au Matai usikimbilie kudai undugu kwa sababu ya hiyo Na- ya wanawake, eti kwa kuwa hata kwenu wako Simwanza na Namwanza. Mambo ya Kibantu hayo, yanafanana mahali pengi.)

Yako pia majina ya wanyama ambayo hayasemi habari za msimu bali yanafanya kazi ya ulinzi. Kwa Wakamba wa Kenya mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa huweza kuitwa Mbiti, au Mbithe akiwa msichana. Maana yake ni fisi. Wazo lilikuwa kwamba kifo kikisikia jina baya namna hiyo kitampita mtoto. Mwanazuoni mashuhuri John Mbiti, aliyezaliwa 1931 na kufariki 2019, alilibeba jina hilo mpaka vyuo vikuu vya Ulaya. Ukisikia mtoto anaitwa Takataka au Fisi, usicheke kabla hujauliza mama yake amezika wangapi.

Pwani mambo ni tofauti. Kule ua na nyota huchaguliwa kwa uzuri wake: Yasmini, Waridi, Zuhura. Ni majina mazuri sana, nami sina ugomvi nayo. Ila Yasmini hakuambii mwaka ule mvua ilikuwaje.

Sasa tujiulize: majina ya namna hiyo kwetu Ufipa yalikwenda wapi? Kwa nini katika kijiji kizima hapakuwa na kijana hata mmoja aliyejua jina la pili la bibi Skolastika? Watu wengi husema ni Kanisa lililoyafuta. Nimelitazama jambo hili, nami naona ukweli umekaa kombo kidogo.

Mapadre Weupe walipokea kituo cha Karema mwaka 1885, huko kaskazini, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi. Kutoka hapo dini ilienea Ufipa kwa nguvu, mpaka leo nchi yetu ni ya Wakatoliki wengi. Kila mtoto akabatizwa, na kila aliyebatizwa akapata jina la mtakatifu. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, haikusema jina la wazazi lifutwe. Ilisema paroko ajitahidi mtoto apewe jina la Kikristo, na ikishindikana, aongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilotoa wazazi, kisha majina yote mawili yaandikwe katika kitabu cha ubatizo. Umesikia? Yote mawili. Na sheria mpya ya mwaka 1983 imelegeza zaidi: inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Mvua si geni kwa Mkristo yeyote niliyewahi kukutana naye mwezi wa Novemba.

Zaidi ya hayo, majina hayo ya ubatizo tunayoyaona kuwa ya kizungu nayo yametoka porini na shambani, ila pori na shamba la watu wengine. Raheli kwa Kiebrania ni kondoo jike. Yona ni njiwa. Tamari ni mtende. Debora ni nyuki. Silvesta, ambao Sumbawanga tunao wa kutosha, kwa Kilatini ni mtu wa msituni. Leo ni simba. Na Papa aliyekuwa Roma mwaka ule wa 1885 ndiye Leo wa 13. Ursula ni dubu mdogo wa kike, mnyama ambaye hata ukizunguka Mbizi yote humpati. Mtakatifu Roza wa Lima, aliyezaliwa nchi ya Peru mwaka 1586, alibatizwa Isabel. Roza aliitwa nyumbani kwa kuwa uso wake ulifananishwa na ua, na jina hilo la nyumbani ndilo lililofika mpaka altareni. Na wewe Joji unayesoma ukurasa huu huku umeegemea jembe, jina lako kwa Kigiriki ni mkulima.

Kwa hiyo mimi silaumu padre. Nikisema wazi, tuliofanya uvivu ni sisi. Shuleni mwalimu alitaka majina mawili katika rejista: la ubatizo na la baba. Fomu nazo hivyo hivyo. Jina la mtoto mwenyewe, lile la siku ya kuzaliwa, likakosa nafasi kwenye karatasi, likabaki mdomoni mwa bibi. Bibi akifa linakwenda naye, na mwaka wake unakwenda naye.

Hapa lazima nikuonye juu ya mambo mawili, usije ukaniambia bwana shamba alinidanganya.

La kwanza, jina si ushahidi peke yake. Majina hurithiwa. Huyo Wafula unayemwona pengine hakuzaliwa na mvua yoyote, amepewa jina la babu yake. Mabula vilevile. Lazima uulize: jina hili ni la mwaka wako au la mzee? Mimi nimekosea hapo. Niliandika katika daftari langu mwaka wa mvua nyingi kwa sababu ya kijana mmoja, kumbe jina lilikuwa la marehemu shangazi wa mama yake. Nikafuta.

La pili ni huruma. Yako majina mimi siyapendi, nayo ni Tabu, Shida, na Matatizo. Mtoto hakuleta kiangazi. Wabukusu wana Wanjala na hakuna anayemcheka kwa sababu wako wengi na kila mtu anajua ni wakati wa mwaka tu. Lakini mtoto mmoja peke yake darasani anayeitwa Njaa ataumia. Ukitaka kuukumbuka mwaka mbaya, mwite mtoto kwa kitu kilichowaokoa. Kama ni mihogo ndiyo iliyowavusha, kama ni uyoga, kama ni mvua ya mwisho iliyonyesha mkiwa mmekata tamaa, jina liko hapo. Na daftarini andika habari yote.

Nilikutana na kijana mmoja aliyezaliwa Februari 1998, wakati wa zile mvua kubwa zilizokata barabara na reli katika nchi yetu. Anaitwa Elinino. Alikuwa akilionea aibu jina lake, anasema watu humwuliza kama ni dawa ya kichwa. Nikamweleza jambo nililojifunza chuoni. El Niño ni Kihispania, na maana yake ni mtoto wa kiume. Wavuvi wa Peru waliona kwamba miaka mingine maji ya bahari yao hupata joto karibu na Krismasi, samaki wakapungua, wakaiita hali hiyo kwa jina la Mtoto Yesu. Joto hilo la bahari ya mbali ndilo linalovuruga mvua hata huku Afrika ya Mashariki. Yaani mvua ilipewa jina la mtoto, halafu huku mtoto akapewa jina la mvua. Kijana alifurahi sana. Sasa husimulia habari hiyo kila mahali, na kila mara anaongeza chumvi.

Kama umekubaliana nami hata kidogo, nakuomba kazi ndogo ya jioni moja. Chukua daftari la shule lililobaki kurasa. Andika majina ya wazee wa nyumba yako, yote, la ubatizo na la nyumbani. Kando ya kila jina andika maana yake, aliyelitoa, na kama ni la mwaka ule au la kurithi. Kisha wapange kwa umri. Usipojua mwaka, andika nani alimfuata nani. Kama parokia yenu ina vitabu vya zamani vya ubatizo, mwombe paroko kwa adabu akutazamie. Tarehe nyingi ziko humo. Na mtoto mpya akizaliwa, jina lake la msimu liandike katika cheti cha kuzaliwa pamoja na lile la ubatizo, lisikae mdomoni tu. Cheti hakina nafasi ya sababu. Sababu iandike katika daftari.

Nimalize habari ya bibi. Alifariki mwaka 2021. Mwaka uliofuata mjukuu wake alijifungua mtoto wa kike, na babu wa mtoto akataka jina la marehemu lirudi nyumbani. Mama wa mtoto akakataa katakata. Nilipopita pale kukagua maharage wakaniita niwe mwamuzi, jambo ambalo bwana shamba mwenye akili hulikimbia. Dada yule akaniambia, "Mtaalamu, hebu waeleze wewe. Nitamwitaje mwanangu mdudu?"

Nikamwuliza jina la ubatizo wamechagua lipi.

"Debora," akasema.

Nikamweleza Debora ni nani kwa Kiebrania. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka mtoto akaamka. Siku ya ubatizo sikuwapo, lakini nilionyeshwa kadi ya kliniki. Mbele kuna majina mawili, na nyuma, kwa kalamu ya wino, babu mtu ameandika: la pili ni la bibi yake, aliyezaliwa mwaka wa nzige, kabla ya 1944, mwaka huu hatukuona nzige, mvua zilianza wiki ya pili ya Novemba.